Herufi Nne Kwenye Ubao wa Bunduki

Harufu ya spiriti hupanda puani upesi na kukaa kooni, na nyumba yetu ya Mayfair, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika, ilikuwa nayo hata siku za Idi. Baba yangu, fundi Omari wa Tanga, alikuwa akisafisha samani za watu na kuzipaka vanishi, na karakana yake ilikuwa varanda ya nyuma, kati ya kamba ya nguo na mlango wa jiko la mama. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, na nyumbani hakuna aliyetulia. Kila kukicha tulisikia kwamba wageni wamevunjiwa maduka mtaa wa Diepsloot, au wamefukuzwa mtaa fulani, na kila jioni mama alihakikisha kwamba pasi zetu za kusafiria bado zimo kwenye begi nyuma ya mlango. Baba alikula amesimama. Alitoka kutazama barabara, akarudi, akatoka tena. Ukimuuliza hali yake alijibu "salama", hata kama alikuwa kazini tangu alfajiri. Wateja walikuwa wamepungua, na tegemeo letu lilikuwa Bi Hester, mjane wa Kizungu wa Kensington, aliyekuwa na nyumba nzima ya samani za kale na ahadi ya kumpa baba azitengeneze zote.

Kazi ya kwanza haikuwa kiti wala kabati. Marehemu mume wa Bi Hester alikuwa ameacha bunduki kuukuu ya kijeshi, ambayo babu yake aliileta kutoka vita vya Afrika Mashariki, pale Waingereza na Wajerumani walipokuja kupigana kwetu kana kwamba kwao hakukuwa na nafasi. Vibali vyake vilikuwepo, na mthamini wa silaha za kale angekuja Jumamosi kuitambua na kuikadiria bei. Mtoto wa kiume wa Bi Hester, mtu mzima mwenye haraka ya kuuza kila kitu, alitaka mthamini aikute inang'aa. Alifungua skrubu, akabaki na chuma chote, akampa baba ubao peke yake, kuanzia kitako hadi pale mtutu unapolala, auondolee mikwaruzo yote na kuupaka vanishi kama meza. Ubao bila chuma si silaha, lakini mama hakutaka kusikia hayo. Alisema polisi wakimkuta mgeni na kitu chenye umbo la bunduki hawatangoja maelezo. Kwa hiyo ulifika nyumbani umeviringishwa kwenye blanketi, mimi nikiwa nimeuegemea kwenye pikapu ya baba kama mto.

Kabla ya kushika msasa, fundi huanza kwa kitambaa na spiriti ili kuondoa mafuta ya zamani. Baba alisugua, weusi ukatoka, na upande wa kulia wa kitako ile mikwaruzo ikaanza kukaa kwa mpangilio. Akaniita kwa sababu macho yangu yalikuwa makali na ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka madrasa. Nilikuwa mtoto wa ajabu kidogo: wazazi wangu waliongea nami Kiswahili, mimi niliwajibu kwa Kiingereza, na herufi za Kiarabu nilizisoma vizuri bila kuelewa neno. Nikapitisha kidole juu ya mbao. Mimu, wau, sini, ya. Hilo lilikuwa jina, Musa. Chini yake palikuwa na nuni, mimu, shini na kafu, nukta zake zimedungwa kwa ncha ya kisu, bila irabu hata moja. Baba akazirudia sauti hizo taratibu mpaka Kiswahili kikamtoka.

"Nimeshika," alisema. "Huyu ni askari wa kwetu. Kashika bunduki yake."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema kwamba bibi yake, aliyekuwa akiandika barua zake kwa herufi hizo, hakuwa na herufi ya cha. Palipohitaji cha aliandika shini. Basi neno hilo lilisomeka pia "nimechoka". Baba akakataa kabisa. Alisema mwanamume hachongi uchovu wake kwenye bunduki.

"Baba Saumu," mama akamjibu, "mtu aliyekaa peke yake na kisu na ubao, mbali na kwao, unadhani ataandika nini?"

Tangu hapo ubao ule ulimnyima baba raha. Aliuweka msasa juu ya zile herufi, akauinua. Alizunguka varanda, akaenda kununua sigara ambazo hakuwa akivuta, akarudi nazo akazitupa. Akiuacha ubao bila kuusugua, angekuwa amemkaidi mwenye kazi na huenda samani zote za nyumba ile zingekwenda kwa fundi mwingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba alikuwa ameinama miaka mingi. Ijumaa, aliporudi msikitini, alisema, "Nikimfuta huyu, nani atajua kama alikuwepo?" Akaupaka mafuta tu, akauviringisha tena.

Njiani kwenda Kensington aliniagiza kwamba nikiulizwa niseme "nimeshika". Kiingereza chake kilitosha kwa bei na rangi za vanishi. Yaliyozidi hapo aliniachia mimi. Mtoto wa Bi Hester alipoona mikwaruzo iko palepale, alimwambia baba waziwazi kwamba samani zitatafutiwa fundi anayesikia. Baba alisimama, kofia mkononi. Nilimwonea huruma.

Kisha mthamini akaja, mzee mpole mwenye lenzi. Aliirudisha bunduki kwenye ubao wake na kuanza kuisoma kama daktari anavyompima mgonjwa. Alituonyesha namba kwenye mtutu, namba kwenye komeo linalofungia risasi na namba kwenye mbao, zote moja. Maana yake vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja, na hilo hupandisha bei. Alitambua muhuri wa Kijerumani. Ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, ya baruti nyeusi, imeshazeeka hata kabla ya vita kuanza, na moshi wake ulimfichua kila aliyeifyatua. Akauliza ni nani aliyeusafisha ubao. Mtoto wa Bi Hester akamnyooshea baba kidole kama anayemkabidhi mwizi. Mzee akamshika baba mkono. Alisema ameona bunduki nyingi nzuri zikiuawa na msasa, na kwamba ubao uliosuguliwa ungepoteza nusu ya thamani. Halafu akaweka lenzi juu ya zile herufi, akauliza kama kuna anayejua maana yake.

Baba akanitazama. Nilijua agizo lake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ningeweza hata kueleza usomaji wote wawili, kwa kuwa huo ndio uliokuwa ukweli. Lakini nilimwona amesimama pale, shati limemganda mgongoni, ametukanwa na kusifiwa ndani ya saa moja bila kukaribishwa kuketi, na nikataka mtu mmoja chumbani mle aseme kile ambacho hakikuwahi kusemwa nyumbani kwetu. Nilisema kwa Kiingereza chepesi, ambacho hata baba alikielewa, kwamba imeandikwa: Musa, nimechoka.

Mzee akatoa kalamu. Akaandika maneno yangu, akakata bei aliyokuwa ameiandika, akaweka nyingine mara tatu yake. Mtoto wa Bi Hester akageuza kauli, na samani zote zikaja kwa baba. Bunduki ilinunuliwa na mkusanyaji ambaye hatukumwona, ikaenda na tafsiri yangu. Tulipokuwa tukirudi, tulisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na baba akanigeukia.

"Umenisemea," alisema.

Wakati ule neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa watoto tu, wakitishiana kwenda kusemeana kwa mama, nikadhani ananilaumu kwa kumchongea. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kumsemea mtu ni pia kumtolea kauli pale asipoweza kuitoa mwenyewe. Sijui alikusudia lipi. Wala sijui Musa alishika au alichoka. Nilimwamulia marehemu, na jambo hilo hunikosesha raha mpaka leo.

Sasa nafanya kazi Sandton, kwenye ofisi ya vioo, ambako kila Jumatatu watu huambiana kwamba wamechoka, kama salamu, huku wakikoroga kahawa. Kiswahili changu kimerudi. Baba ana zaidi ya miaka sabini na bado yuko kwenye varanda ileile. Mwezi uliopita nilimkuta anapiga msasa meza, pumzi ikimkatika, nikamwomba apumzike.

"Nani kakwambia nimechoka?" aliniuliza.

Safari hii sikumsemea. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikangoja aseme mwenyewe, na yeye akaendelea kusugua mpaka meza ikaisha.