Siku Phelista Alipokivunja Kiswahili Mbele ya Wakwe

Hii hamtaiamini, na sitamlaumu mtu. Mwalimu wa Kiswahili, tena yule mkali kuliko wote kutoka Bungoma mpaka Mlima Elgon, alipiga magoti mbele ya wakwe zake mchana kweupe akakipasua Kiswahili vipande vipande kama kuni. Na asingekipasua, leo angekuwa bado kwao Mabanga, hana mume, anawasahihisha ng'ombe wa babake wanavyolia.

Phelista Nasimiyu alifundisha katika shule moja ya msingi karibu na Mabanga, miaka ile masomo yalipofanywa ya bure na madarasa yakajaa mpaka watoto wengine wakakalia madirisha. Darasani hakuna aliyemlaumu. Ngeli na nyakati ndiyo iliyokuwa kazi yake, na watoto wake walipita mtihani. Shida ni kwamba kwake yeye kengele ya kwenda nyumbani haikulia kamwe. Alimsahihisha mama wa nyanya kabla ya kuzibonyeza nyanya zenyewe. Alimsahihisha mlevi aliyemtukana njiani, kisha akamngoja alirudie tusi sawasawa. Kanisani, pasta alipokuwa akimwomba Mungu abariki "hii mvua yetu", watu wote wamefumba macho, sauti ikatoka upande wa akina mama: "Mvua yetu hii." Pasta akasema amina hapo hapo, na wagonjwa wa siku hiyo hawakuombewa.

Wanaume walikuja, msidhani hawakuja. Wekoye, fundi wa baiskeli, alimwambia nakupenda, na hilo alilisema vizuri. Makosa yake ni kwamba akaendelea kueleza kwa nini. Alipofika sentensi ya tatu alikuwa amesahihishwa mpaka jasho, akaikumbuka baiskeli ya mtu aliyoiacha imepinduliwa, akaenda, hakurudi.

Kibe alikuwa wa namna nyingine. Wazazi wake ni Wakikuyu wa Kitale, wakulima wa mahindi upande wa Endebess, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga. Aliletwa Mabanga kuitazama mashine moja iliyogoma, akamkuta Phelista kwenye foleni na debe lake.

"Madam, hii mashine iko na shida ya mkanda," Kibe akasema.

"Mashine hii ina shida ya mkanda."

Kibe akaweka spana chini. "Sema tena. Pole pole."

Phelista akasema tena.

"Sasa hiyo ni tamu," Kibe akasema. "Hebu ongeza ingine."

Mashine ile ilichukua wiki nzima kupona, na ilikuwa mkanda tu.

Mwaka haukuisha kabla ya watu wa Kitale kutuma ujumbe kwamba wanakuja kuzungumza habari ya mahari. Na hapo ndipo Phelista alipojichimbia shimo. Aliwakalisha baba zake na wajomba zake, akawaonya: "Kikikuyu hamkijui, na wao Kibukusu hawakijui. Mtazungumza Kiswahili. Basi kizungumzeni kama watu waliosoma. Atakayenitia aibu, harusini simwiti." Huko Kitale naye Kibe, kwa mapenzi, akawaambia wazee wake vilevile: "Huyo ni mwalimu. Chungeni ulimi, bana. Neno moja mbaya, tumekwisha." Wazee wa Endebess wakaanza kusikiliza taarifa ya habari ya redio usiku na mchana, wakiirudia kama kwaya.

Sasa sikieni. Kwetu mgeni wa mahari haondoki bila kula kuku, na kuku haingii sebuleni mpaka maneno yakubaliane. Mgeni akiondoka bila kuku, basi ameondoka na mambo yake yote. Siku ile kuku walikuwa jikoni, wameiva, wananukia mpaka barabarani, na Phelista yuko hapo hapo na shangazi yake Pauline, masikio yamebandikwa ukutani.

Sebuleni, upande wa Bungoma, msemaji alikuwa Khisa, kaka mkubwa wa babake Phelista. Huyo, mwachie Kiswahili chake cha nyumbani, angekutoza hata ng'ombe uliyemficha kwa jirani. Upande wa Kitale alikuwa mzee Mbugua, mchuuzi wa mbuzi, mtu wa kukuuzia mbuzi wako mwenyewe na ukamshukuru. Vita vilitarajiwa. Watu walikuja mapema kushika viti.

Mbugua akasimama, tai imemkaba shingo. "Waheshimiwa wenyeji wetu. Tunayo furaha isiyo na kifani kuwasili katika maskani yenu."

"Naam," Khisa akajibu. Akatafuta lingine, akalipata. "Aidha."

"Ziara yetu inahusu jambo nyeti."

"Hakika. Jambo nyeti ni nyeti."

Jikoni Phelista akashika kifua kwa furaha. Hakuna kosa! Hata moja! Maisha yake yote alikuwa akiota siku kama hiyo.

"Suala la mifugo," Khisa akajikaza, paji linametameta, "lina umuhimu wake."

"Suala hilo litashughulikiwa ipasavyo."

"Aidha."

Mtu akakohoa, na hata kikohozi kile kilikuwa cha heshima. Mbugua alikuwa na bei kichwani, alikuwa na ujanja wake wote, lakini ujanja ule ulikuwa umekaa katika Kiswahili cha soko la mbuzi, na leo soko limefungwa. Khisa naye alitaka kulia kwamba mtoto amesomeshwa kwa shida, kwamba mama yake alilima mashamba ya watu, lakini machozi yake hayakujua njia ya sanifu. Wakaangaliana kama madume mawili yaliyofungwa kamba. Mwishowe Mbugua, akiona lazima aseme kitu, akasema, "Mvua inatarajiwa katika maeneo ya magharibi."

"Na upepo," Khisa akasema. "Wa wastani."

Jua likaanza kuinama. Furaha ya Phelista ikaanza kupoa kama ule mchuzi wa kuku.

"Mbona hawataji ng'ombe?" akanong'ona.

"Watataja na nini?" Pauline akamjibu, akijipepea na kifuniko cha sufuria. "Si wewe ulitaka watu waliosoma? Wasomi ndio hao. Umewahi kuona msomi akiuza ng'ombe?"

Ndipo wakamsikia Wacera, shangazi ya Kibe, mama mnene mwenye sauti ya lori, akimnong'oneza Kibe mpaka nyumba nzima ikasikia: "Hawa watu iko na maringo. Hapana taka sisi. Ita wazee, sisi naenda Kitale, jua imeisha." Phelista alichungulia ufa wa mlango, akamwona Kibe ameinamia viatu vyake kama mtu anayezisoma kamba. Viti vikaanza kusukumwa. Mbugua akaokota kofia.

Phelista akachukua birika la kunawisha na beseni.

"Unaenda wapi?" Pauline akashtuka. "Bibi arusi haingii hapo!"

Aliingia. Akapiga magoti mbele ya Mbugua, akafungua kinywa. "Wazee wangu, mazungumzo yenu yame—"

Akajikatiza. Maneno yalikuwa yanatoka sanifu. Ulimi ule ulikuwa umezoea vibaya, kama punda anayejua njia moja tu ya kwenda nyumbani. Akafumba macho kama mtu wa kuruka mtoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe:

"Nyinyi wazee munaongea mingi na kuku inalala! Ng'ombe iko ama hakuna? Kama iko, mutaje, tukule. Mimi nataka hii kijana yangu, bana, na nyinyi munanisomea hali ya anga!"

Hata nzi walitua. Babake akafunika uso. Khisa akamtazama kama mtu aliyemwona pasta ndani ya baa. Katika sentensi hizo hapakuwa na kitu kilichosimama kwa miguu yake, na bibi arusi ametaja ng'ombe wake mwenyewe, tena akiwa amepiga magoti.

Wa kwanza kucheka alikuwa Wacera. Alicheka mpaka leso ikamdondoka. "Kumbe hii mwalimu naongea kama mimi! Wewe Kibe, ulitudanganya! Mbugua, vua hiyo kamba ya shingo, rudi chini!"

Tai ikatoka. Kofia ikarudi chini ya kiti. Mbugua akakunja mikono ya shati, akamgeukia Khisa, macho yamewaka. "Sasa wewe mzee, ulikuwa unasema nini juu ya mifugo?"

"Nilikuwa nasema hii mtoto si ya kuletewa mbuzi imevaa pembe ya ng'ombe! Mama yake alilima mpaka mgongo ikakataa!"

"Mgongo tutalipa! Lakini ng'ombe ya Endebess unaijua? Moja yetu ni tatu zenu!"

"Moja? Ati moja? Ongeza ingine! Na hiyo unayoficha nyuma ya mahindi, taja!"

Phelista alirudi jikoni, akaegemea ukuta, akasikiliza. Kila neno lilikuwa kosa, na kila kosa lilikuwa likimsogeza Kitale. Pauline akampa maji asukutue kinywa. Kuku wakaanza kupakuliwa.

Na hapo ndipo mjomba wake Phelista, mwanamume mwenye maneno mazito na sura ya kutazamika, alipoinuka katikati ya sebule ile, akamshika Mbugua bega, akawaambia watu wote wa Kitale kwamba msichana huyu hatoki hapa mpaka waongeze trekta moja mpya, na mashine ya kusaga, na shamba lote linaloanzia Endebess mpaka—

"Khocha!" Phelista akanikata hapo hapo, kwa jina tunaloitwa sisi wajomba kwa Kibukusu. "Trekta gani? Wewe walikutoa sebuleni hata wageni hawajafika, kwa sababu ya mdomo. Ulikuwa jikoni na sisi, nyuma ya sufuria, na firigisi shavuni."