Mimi Ndiye Niliyewaambia Wasimpigie Tena

Admin, funika jina langu vizuri, maana hapa Saint Paul, Marekani, Waswahili tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Mombasa. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini nimefanya kazi Dubai, nimefanya Doha, na mzungu akisikia Kiingereza changu kwenye simu hunidhania wakili. Sasa naendesha van ya kupeleka wagonjwa hospitali, Minneapolis mpaka Coon Rapids, theluji au jua. Mtu akipata barua asiyoielewa huniletea mimi. Najisifu, ndiyo. Leo nawaambia sifa hizo zimenifikisha wapi.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama Mkongo wa Uvira, nitamwita Mama Neema. Yeye ananiita mwanangu na mimi namwita mama, kwa sababu wangu alizikwa nikiwa Doha, mazishi nikayasikiliza kwa simu. Mama huyu aliletwa Marekani akiwa mkimbizi, lakini binti yake Neema alibaki kambini Tanzania kwa kuwa alishaolewa na faili lake likatenganishwa. Mume wa Neema akafa. Huu mwaka wa nne mama anangoja faili hilo lisogee.

Msimu wa uchaguzi huu wa 2016, miezi michache iliyopita, simu yake haikupumua. Wagombea, mashine zinazoongea zenyewe, waomba michango. Mama hajui Kiingereza. Kila ikilia anadhani ni habari za Neema, anaacha sufuria motoni anakimbia. "Mwana wangu, hii telefone inanichokesha," aliniambia. "Roho inaruka kila saa, kumbe ni batu ba bure tu."

Nikamwambia hilo ni dogo. Nikaiandikisha namba yake kwenye orodha ya serikali ya wasiotaka kupigiwa, kisha nikatangaza jengo zima kwamba nimemaliza kazi. Simu hazikupungua hata moja. Dereva mwenzangu alinicheka mpaka akashika mbavu. "Orodha hiyo ni ya wauza bidhaa, bro. Wanasiasa na mashirika ya misaada haiwagusi. Hao unawaambia mmoja mmoja wafute namba, na mwanasiasa bado halazimiki kukusikia."

Aibu niliyoona, bana, acha tu.

Siku moja adhuhuri nilikuwa kwa mama na wenzake watatu wa kanisani, tunakula sombe, kisamvu cha kwao Kongo. Simu ikalia, nikaichukua mimi. Msichana akataja jina la shirika fulani. Nembo yao naijua, hunitumia hata mimi bahasha za michango. Akasema, "Tunapiga kuhusu..." Sikumngoja amalize. Nilisimama, nikatoa sauti yangu ya Doha. Nikamwambia mimi ni mwanawe wa kumzaa, mama hataki simu yenu leo wala kesho, futeni namba hii, sheria naijua. Msichana akasema sawa, samahani, ameandika. Mama akaniuliza ni nani, nikamjibu, "Wa michango." Akina mama wakapiga vigelegele, sahani yangu ikajazwa tena. Nilirudi kwangu natembea kama balozi.

Wanasiasa waliendelea kupiga mpaka siku ya kura. Shirika lile halikupiga tena. Barua lilituma, mbili. Mama aliniletea, nikaona nembo, nikazitupa bila kufungua.

Jumanne hii mama aliniomba nimpeleke ofisi yenye faili la Neema, kule Roseville. Siku zote hupelekwa na watu wa kanisa, mimi sijawahi kufika. Mlangoni nikakuta nembo ileile ya barua nilizotupa.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Karani akafungua kompyuta. "Tulimpigia Oktoba. Neema alikuwa amepita usaili, tulihitaji sahihi ya mama. Mtoto wake wa kiume akasema tusipige tena kamwe. Sheria haitulazimishi kufuta namba, lakini mtu akikataa tunamheshimu. Tukatuma barua." Akanitazama. "Wewe ni nani wake?"

"Dereva," nikasema.

Mama akanivuta mkono. "Banasema nini, mwana wangu?"

Nikamwambia kompyuta yao ilikosea.

Vipimo vya afya vya Neema vimepitwa na muda, lazima virudiwe. Na kwa jinsi serikali mpya inavyozungumzia wakimbizi, karani alisema hawezi kuahidi kwamba mlango utakuwa bado wazi. Hilo nalo sikulitafsiri. Nilisema, "Wanasema tungoje kidogo." Mama akatia sahihi. Kwenye van alinishika bega akaniombea dua, akasema bila mimi angepotea katika nchi hii. Usukani ulikuwa unateleza kwa jasho, na nje ni barafu.

Alhamisi ijayo ameitwa tena. Safari hii watakuwa na mkalimani wao rasmi, atamsomea faili lote, pamoja na maneno ya huyo "mwanawe wa kumzaa" aliyewakatalia. Naogopa, jamani. Ombi langu la uraia liko mezani, sijui kujifanya mtoto wa mtu kwenye simu ni kosa la aina gani. Lakini hofu hiyo naweza kulala nayo. Ninayoshindwa nayo ni Neema kubaki kule kwa sababu nilitaka kupigiwa vigelegele.

Leo asubuhi mama amegonga, simu inalia mkononi mwake. "Shika weye, unajua kusema nabo." Nikashika. Ilikuwa mashine ya chama fulani inaomba michango. Niliisikiliza mpaka neno la mwisho, naogopa kukata.

Leo ni Jumapili. Nimwambie mwenyewe kabla ya Alhamisi? Na nikishakaa mbele yake, neno la kwanza ni lipi? Niambieni, hata mwenye matusi aandike, nitasoma yote.