Majani Kando ya Ukuta

Juzi, nikipita Wamaza kwa pikipiki, niliona mwanamke akifyeka kando ya nyumba yake, na harufu ya majani mabichi ikanirudisha kwetu Kasongo.

Mama alikuwa amefariki, na baba alikuwa amemuoa Mama Zaina. Alasiri moja mke huyo mpya alianza kufyeka majani yaliyosonga ukuta, pamoja na maua aliyopanda mama. Alisema anataka kupanda mengine. Nilimtazama kwa jicho baya. Nilijua tu, anataka mama yangu asahaulike! Nikaenda kukaa katikati ya majani yaliyobaki.

"Toka mule, mutoto wangu!" alipiga kelele, akanivuta kwa nguvu. Nilidhani ni hasira.

"Haya maua iko ya mama," nilimwambia.

"Najua," alijibu, akaendelea peke yake, panga likigonga mawe, mpaka ardhi ikabaki wazi.

Sisi watoto tuliambiwa mama aliuawa na malaria. Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza kwamba mama aliumwa na nyoka ndani ya majani yale. Mama Zaina alijua, na siku ile aliingia humo pekupeku.