Shairi la Bi Rehema

Juzi mwanangu, aliyeanza chuo, aliniuliza wizi wa maandishi ni wizi gani. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwa shangazi yangu, Bi Rehema, kule Wawi.

Tulikuwa barazani tukichambua karafuu, vidole vikinata, redio ikikoroma. Mtangazaji akasoma shairi, kisha akamtaja mtunzi: Mwalimu Hamadi, jirani yetu. Shangazi aliacha kuchambua.

"Kaniibia shairi langu," alisema polepole. "Nami nilimpa alisome tu."

Nilikimbilia chumbani kwake nikainua godoro, alipokuwa akiweka mashairi yake. Karatasi ya shairi lile ilikuwapo, na maneno yote yamo. Nikaanza kumshuku shangazi mwenyewe. Mtu ataibiwaje kitu ambacho bado anacho?

Kabla ya magharibi mwalimu alipita kunywa kahawa, kama kawaida yake. Niliikodolea macho mifuko ya kanzu yake. Shangazi alimpongeza kwa sauti laini mno, kisha akamwuliza, "Huyo Asumini wa ubeti wa mwisho ni nani?"

"Ni ua tu, Bi Rehema," alijibu akitabasamu. "Ua linalonukia."

"Ni mwanangu. Nilimzika kabla hujahamia hapa."

Mwalimu alikitua kikombe kikiwa bado kimejaa, akaondoka bila kuaga.

Siku chache baadaye shairi lilisomwa tena redioni, mtunzi akitajwa Bi Rehema wa Wawi. Nilimwita shangazi mbio aje asikie. Alikuja, akasikiliza akiwa amesimama, na ulipofika ubeti wa mwisho akaizima redio.