Amepotea

Hapa Arusha watu wasipoonana muda mrefu hulaumiana kabla ya kusalimiana. "Wewe, umepotea!" Mwenzako anajibu, "Nipo," mnacheka. Rafiki yangu alinirushia neno hilo kila nilipojifungia na riwaya yangu. "Mwandishi, umepotea! Wahusika wako wamekuteka?"

Yeye alikuwa akiwatetea wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Usa River, waliokuwa wakikohoa kwa sababu ya dawa za kupulizia. Mchana mmoja, tukila chipsi kibandani Lemara, gari lisilo na namba likasimama. Wanaume wakashuka, wakamwita kwa jina. Alinipa sahani yake nimshikie, kana kwamba anarudi sasa hivi. Mkewe, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, alilikimbiza gari lile lilipoondoka naye, mpaka kiatu kikamvuka. Mimi nilibaki nimekaa, nimeshika sahani mbili.

Kila kituo cha polisi kilisema hakimjui. Shemeji akaja kwangu na picha ya mumewe.

"Shem, wewe ndiye mwenye maneno. Niandikie tangazo."

Niliandika kwa moyo: shati lake la kijani, pengo la meno ya mbele, kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake. Juu kabisa nikaweka kwa herufi kubwa: AMEPOTEA.

Shemeji alipoanza kusoma, hakuvuka neno hilo.

"Kwetu mlimani mbuzi hupotea, akikata kamba. Huyu alikata kamba gani?"

"Shemeji, watu wa stationery watakataa kuchapa neno jingine."

"Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza.

"Mimi ni mke, watasema nimechanganyikiwa. Wewe ulikuwa umekaa naye meza moja. Andika amechukuliwa, na useme uliona."

Nikamweleza kwamba neno lile lingewatisha watu, kwamba lugha ya upole hufungua milango. Niliongea vizuri sana siku ile. Alikunja karatasi. "Asante, shem," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa lifti akashushwa njiani.

Wiki iliyofuata niliyakuta matangazo Levolosi, kwenye nguzo na kuta za maduka. Kwenye kila moja neno langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa mwandiko wake uliolala: amechukuliwa. Chini aliongeza, Niliona mimi, mkewe. Kisha akavuta mstari wa shahidi mwingine, akauacha mtupu.

Nilijua ni wa nani. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu; niliishika hadi ikapata joto.

"Mwandishi!" Kinyozi wangu aliniita kutoka mlangoni kwake, taulo begani. "Umepotea sana, kaka!"

Mkono ukatoka mfukoni, mtupu, ukampungia.

"Nipo," nikasema, nikacheka. "Nipo tu."