Nilivyouza Mvua ya Mawe Suna

Niliacha kazi ya jikoni nikiwa nimeshapita arobaini, umri ambao wanawake wenzangu walikuwa wameanza kukaa barazani na kuwaagiza wakaza wana wao maji ya kunywa. Mimi ndiyo kwanza naanza biashara. Hadi leo nikiukumbuka mwaka ule hucheka peke yangu, na wajukuu hunitazama wakidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Nilikuwa mpishi Homa Bay, kwenye nyumba ya bwana mmoja wa serikali, Mzungu mpole aliyetaka supu kila mchana hata jua likiwa kali namna gani. Nililala chumba cha uani, na nyumbani Suna nilifika mwisho wa mwezi tu. Siku moja nilipofika, binti yangu wa mwisho alinipa mkono huku amepiga goti kidogo, jinsi alivyofundishwa kuwasalimu wageni, kisha akaniuliza kwa adabu nitaondoka lini. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia hadi pua ikaziba. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: kazi ya kunilisha bila kunitoa nyumbani.

Uhuru ulipokuja, bwana akafunga mizigo kurudi kwao, na vitu vyake vikauzwa pale pale uani. Watu waligombania viti na vitanda. Mimi nilisimama mbele ya friji, friji nyeupe ya mafuta ya taa, moto wake chini na baridi yake juu. Miaka yote ile nilikuwa nimeifuta na kuikatia utambi, na tabia zake nilizijua kuliko za mume wangu. Nikaenda posta nikatoa akiba yangu yote, narudia, yote, nikainunua.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na utaratibu, na kwake yeye akiba ilikuwa na sura moja tu: ng'ombe. Alikuwa ameshakwenda mnadani Ogwedhi kutazama mitamba, na nina hakika wengine alikuwa ameshawapa majina. Lori liliposhusha friji mlangoni, aliizunguka polepole, mikono mgongoni.

"Mama watoto, ng'ombe inazaa," akasema. "Sasa hii sanduku itazaa nini?"

"Itazaa baridi."

"Na baridi iko na bei?"

Nilimwambia aniache kwanza nipumue. Niliwasha moto wa friji, nikangoja, haikupoa hata kidogo. Barabara ya kutoka Homa Bay ilikuwa imeitikisa hadi ikachanganyikiwa. Lakini dawa yake nilishaiona kule jikoni: inazimwa, inapinduliwa kichwa chini miguu juu, na inaachwa hivyo siku nzima. Tukaipindua, mimi, mume wangu na jirani mmoja aliyekuwa akiomba Mungu chinichini. Mume wangu alitazama akiba ya maisha yangu imesimama kwa kichwa, akachukua madaftari ya wanafunzi, akasema anakwenda kusahihisha shuleni. Shule zilikuwa zimefungwa.

Tulipoirudisha wima na kuiwasha tena, ikapoa. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, nikaweka shavu kwenye mlango wake kama mjinga. Hapo ndipo mimi na mwalimu tukaafikiana. Mke wa ofisa mpya wa Homa Bay alikuwa ameniambia kwamba nafasi yangu ya upishi ataniwekea hadi mahindi yavunwe, kisha atamtuma dereva anichukue. Mume wangu akasema siku dereva atakapofika, kama sanduku haijajilisha yenyewe, nitapanda gari. Nilikubali haraka, kwa kiburi cha mtu ambaye hajauza hata chupa moja.

Nikafungua duka chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara. Nilinunua soda za machungwa tu, maana mimi ni Msabato, na ile nyeusi ya kola, inayoamsha mwili kama kahawa, sikutaka hata kuigusa. Nilizipanga ndani ya friji zikapoa hadi zikatoa jasho. Nikavaa gauni langu la Sabato siku ya kazi, nikasimama.

"Baridi ama moto?" nilimwuliza kila aliyeingia.

"Moto," kila mmoja alijibu.

Kwetu soda moto si soda iliyochemshwa. Ni ile iliyokaa kwenye kreti, na siku ya jua inakuwa vuguvugu kama uji wa mtoto. Ndiyo waliyoitaka. Mama mmoja wa sokoni alisema baridi inamng'oa meno. Mwingine alisema inaingia kifuani na haitoki. Mzee mmoja muuza ngozi, mtu wa kofia kubwa na maneno makubwa, alinieleza kwa huruma kwamba soda baridi ilimwua shemeji yake Nairobi, mtu mzima mwenye afya, akiwa bado ameshika chupa.

Basi nikawa nauza soda za kreti, kama duka lingine lolote, huku friji ikinywa mafuta ya taa kwa ajili ya watu wasioitaka. Faida yote iliishia kwenye utambi. Mahindi yakaota. Yakafika magoti, yakafika kiuno, na mimi nikaanza kuyachukia. Majirani walimshukuru Mungu kwa mwaka mzuri, nami niliitikia amina kwa meno yaliyobana. Sijapata kuona mahindi yakikua mbio vile.

Alasiri moja mbingu ikawa nyeusi upande wa Kisii, na kabla hatujaanua nguo ikashuka mvua ya mawe, ile ambayo sisi Wajaluo tunaiita pe. Watu walikimbilia dukani kwangu wakajaa hadi kwenye friji. Mabati yalipigwa hata hatukusikiana. Ilipopungua, watoto wakatoka mbio kuokota mawe yale na kuyatia mdomoni, kama watoto wote wanavyofanya. Halafu wakubwa wakawafuata. Mama mwenye meno ya kung'oka alikuwa mbele, amekunja leso. Muuza ngozi alijaza kofia yake akarudi mlangoni anatafuna, krach, krach, macho yamemtoka kwa raha.

Nilishika kiuno. "Mzee, si wewe ulisema baridi inaua?"

"Baridi gani?" akaniuliza, mashavu yamejaa. "Hii si baridi. Hii ni pe."

Nilimtazama, nikaitazama friji, nikacheka hadi nikakaa chini kwenye kreti. Miezi yote ile nilikuwa nawauzia watu ugonjwa, na utoto wao nilikuwa nao ndani ya sanduku.

Kesho yake nilitoa soda zote, nikajaza maji kwenye trei na kila bakuli lililoingia pale juu panapogandisha. Ilipoganda nikaitia kwenye gunia safi, nikaiponda kwa mchi, nikatoka barabarani na sinia.

"Pe! Pe ya leo! Mbingu imefunga, mimi nimefungua!"

Walidhani natania. Muuza ngozi ndiye aliyekuja kwanza, akachukua konzi, akatafuna, akanitazama kwa mashaka, akachukua nyingine. Kisha akafanya jambo ambalo nisingethubutu kumshauri: akanunua soda moto, akatumbukiza vipande vya pe ndani ya kikombe, akanywa.

"Yawa!" akasema. "Sasa hii ndiyo soda!"

Niliuma ulimi hadi akaondoka. Mwisho wa juma nilikuwa naponda kutwa nzima, mikono imekufa ganzi, na mume wangu alikuwa akitoka shuleni anashika sinia na kupima konzi kwa kijiko, maana alisema konzi zangu hazina utaratibu.

Ndipo wakaja wanawake wa mlimani. Walikuwa kundi zima, na aliyewatangulia alikuwa mama mmoja mpana mwenye jembe begani. Hakunisalimu.

"Ni wewe unafuga pe?"

"Ni mimi nauza, mama."

"Siku ile ilianguka kwetu, nani alifungua mlango ya hii kitu? Mahindi yetu imekatwa yote."

Kicheko kikaniisha. Neno lile likifika kwa chifu, friji ingefungwa kwa kamba, na mimi ningekuwa Homa Bay nikipika supu. Wala sikuweza kuwacheka. Shamba lao nilikuwa nimelipita mwenyewe, majani yamechanika yakawa kamba.

"Mama," nikamwambia, "hicho kibuyu chako kina maji?"

"Iko na maji ya kwetu. Kwa nini?"

"Nipe kidogo. Nitayamimina mbele yako, halafu kaa hapa mlangoni. Nisiguse, asiguse mtu. Jioni ufungue wewe."

Alikubali kwa sababu alitaka kunikamata. Alikaa chini mbele ya friji, jembe mapajani, na kila nilipopita alilisogeza jembe kidogo. Wenzake walikaa pembeni, jua likawachoma, wakaanza kuagiza soda. Moto, bila shaka. Kufikia alasiri walikuwa wananiita dada na kumuuliza kiongozi wao kama amelala.

Jua lilipoanza kuinama, alifungua mwenyewe. Nilimwonyesha trei yake. Aliigusa kwa kidole, akaruka nyuma, akaigusa tena. Akakwangua kipande akakitia mdomoni, na uso wake wote ukafunguka.

"Ni maji yangu!" akapiga kelele. "Jameni, ni maji ya kisima yetu! Imekuwa pe!"

Wakaifuata trei wote kwa pamoja, wanasukumana, wanacheka, mmoja ametia kipande kifuani kwa mwenzake na mwenzake anakimbia uwanja mzima akilia mama yangu. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Yule mama mpana alifunga kilichobaki kwenye leso awapelekee watoto.

"Silipi," akaniambia. "Maji yangu, pe yangu."

"Na mafuta ya taa ni ya nani, mama?"

Akafikiri. Akanilipa nusu, akasema mahindi yalikatwa na Mungu na mimi nimesamehewa. Kisha wakapanda mlima mbio, wanawake wazima, leso ikidondosha maji nyuma yao.

Dereva wa Homa Bay alifika siku ya soko, mahindi yaliyosalia yakiwa yameanikwa kila ua. Aliegesha gari la serikali kando ya barabara, akapenya katikati ya watu waliokuwa wamepanga laini wakingoja, akanikuta na mchi mkononi, vipande vya barafu vimenijaa kichwani.

"Mama mpishi, nimetumwa kukuchukua. Mzigo iko wapi?"

Sikumtazama mume wangu, aliyekuwa upande wa pili wa meza na kijiko chake. Niliogopa nitakachokiona.

"Mwambie mama nashukuru sana," nikasema. "Lakini nimepata kazi."

"Kazi? Kwa nani?"

"Kwangu."

Dereva hakuelewa. Aligeuka kumtazama mume wangu, akingoja mwenye nyumba atoe kauli. Mume wangu alipima konzi moja, akaisawazisha kwa kidole, akamkabidhi mteja, akafuta mikono.

"Si umesikia?" akamwambia. "Sasa kama unataka pe, panga laini."