Samaki Aliyefungua Mkono wa Perpetua

Pale Kilosa Melkizedek alikuwa mtu wa kuchekwa, na sababu ilikuwa samaki. Hebu fikiria: mwanamume mzima, baba yake fundi wa reli aliyetoka Tabora akaoa mwanamke wa milimani kule Kidete, yeye mwenyewe kafanya kazi Mikumi miaka kumi na tisa, halafu anarudi kwao na tangi la kioo. Wenzake walirudi na mabati, wengine na pikipiki, wengine na mke wa pili. Yeye alishuka kwenye lori la vitunguu na akwariamu iliyoviringishwa kwenye godoro, na ndoo mbili za samaki zenye vifuniko vilivyotobolewa. Mtaa mzima ulimcheka mpaka ukachoka.

Mikumi alikuwa mtunza bustani wa loji moja kando ya barabara kuu. Mapokezini palikuwa na tangi ambalo kila aliyepewa kulisafisha aliua samaki, ndipo meneja akamwambia yeye ajaribu. Akajaribu, na yeye pia akaua. Nisikudanganye, kila anayefuga samaki wa mapambo amejifunza kwa kuua. Aliua goldifishi kwa kuwalisha kila walipoomba, na goldifishi huomba kutwa nzima. Aliweka beta wawili madume, samaki wagomvi, tangi moja, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu, kwa kuwa walipendeza, na kufika saa sita mchana alikuwa na beta mmoja na nusu. Alifua sifongo ya chujio kwa sabuni na maji ya bomba mpaka ikatakata, na kesho yake tangi lote likawa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, angelfishi wanahema juujuu. Hapo ndipo alipoelewa kwamba shughuli yote iko kwenye maji. Maji ya bomba yalale ndooni siku nzima klorini itoke, au uyatie matone ya dawa ya kuiua. Badilisha robo tu kila wiki. Yale ya zamani usiyamwage yote hata siku moja, maana ndani yake mna uhai usioonekana, na huo ndio unaowalinda samaki.

Mwaka ule wa korona watalii waliisha, loji ikafungwa, na meneja akasema tangi liende stoo. Melkizedek akaliomba.

Mkewe, Perpetua, alikuwa akiuza vitumbua stendi, na mdomo wake uliogopwa. "Miaka kumi na tisa, Baba Irine," alimwambia siku ya kwanza, "kumbe ulikuwa unanitafutia mboga isiyoliwa." Irine ni binti yao, ameolewa Dodoma. Melkizedek akacheka, akaliweka tangi sebuleni, akatia samaki wadogo, gapi na moli, wale weusi wanaozaa kila mwezi. Kisha akaongeza oska mmoja mchanga aliyenunua Morogoro, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya moto, mdogo kama kiberiti. Muuzaji alimwonya kwamba oska hukua akawa kama sahani na hula chochote kinachoenea mdomoni. Hakusikia. Baada ya miezi minne tangi lilikuwa na oska peke yake, kanenepa, anaangalia watu kwa dharau. Perpetua akampa jina Diwani, kwa sababu alikula vya wote na bado alitaka kutembelewa.

Kisha Perpetua akaanguka, stendi, na beseni la vitumbua kichwani. Kiharusi. Walipomrudisha kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yalitoka mojamoja, na mengine hayakutoka kabisa. Mkono wa kulia ulikunjika ngumi, kucha zikawa zinachoma kiganja, ikabidi Melkizedek amwekee kitambaa ndani. Mwanamke yule aliyekuwa anawanyamazisha makondakta sasa alikuwa analia akitaka kujikuna.

Dada wa mazoezi pale hospitali aliwaambia ukweli. Mkono huu unaweza kurudi, alisema, lakini usipotumika utakauka hivyohivyo, na ukikauka hakuna wa kuufungua. Akawapa mpira wa kubinya. Perpetua aliutupa kwa mkono wa kushoto. Akapewa kijiti, akakitupa. Alikuwa na hasira na huo mkono, hakutaka hata kuutazama.

Kilichomgeuza ni Diwani. Asubuhi moja Melkizedek alikuwa amemkalisha mkewe karibu na tangi huku akimlisha samaki, na Diwani akaacha chakula, akaenda upande aliokaa Perpetua, akabandika mdomo kwenye kioo. Oska ni samaki wa namna hiyo, anamjua mtu. Akakaa hapo anamkodolea. Perpetua akatoa sauti. Melkizedek akafikiri analia, kumbe anacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Basi akamtia punje tatu za chakula kwenye ile ngumi, akaunyanyua mkono mpaka juu ya maji, akamwambia, "Mpe mwenyewe, Mama Irine. Anakudai wewe."

Ilichukua karibu nusu saa. Jasho lilimtoka yule mama utafikiri anapanda mlima. Kidole cha shahada kilitikisika, kikanyooka kidogo, punje moja ikadondoka, na Diwani akairukia mpaka maji yakawamwagikia wote wawili.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa dawa yao. Asubuhi na jioni, punje tatu. Baada ya mwezi ngumi ilichukua dakika kumi tu kufunguka, kisha dakika mbili. Kufika mwaka mpya Perpetua alikuwa anashika kikombe cha plastiki, anakifikisha mdomoni, anamwaga nusu na kunywa nusu. Dada wa mazoezi alikuja nyumbani kushuhudia, akasimama pale akimtazama yule samaki kwa heshima. "Msiache," alisema. "Hata wiki mbili msiache." Melkizedek hakuwa na mpango wa kuacha. Alikuwa anabadilisha maji ya lile tangi kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mtu yeyote, na umeme ukikatika alikaa anachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie, mkewe akimhesabia kwa kutikisa kichwa. Alikuwa na furaha. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa na furaha kuliko wakati wowote Mikumi.

Mwezi wa nne mto ukafurika, vyoo vikazama, na kuhara kukaanza mitaani. Bwana afya akatoa amri: kila mkusanyiko, harusi au msiba, maji yote yatiwe dawa, na atapita mwenyewe kunusa mapipa. Katika siku hizo mama yake Melkizedek, Bibi Generoza, aliyekuwa akiishi nao chumba cha nyuma, akafariki hospitali. Si kwa kuhara, kwa uzee. Alikuwa na miaka themanini na tisa.

Sasa, mtu asiyejua misiba yetu nimweleze. Msiba ukitokea, nyumba si yako tena. Majirani wanaingia, wanawasha majiko, wanafunga turubai, na sebule inatolewa kila kitu, makochi, kabati, runinga, ili akina mama wapate pa kutandika mikeka na jeneza lipate pa kukaa. Mfiwa anakalishwa nje na wanaume wenzake, hashiki kitu. Ni upendo huo, na ni upendo wa kweli. Ila hakuna anayekuuliza.

Mjomba Makarius, mdogo wake marehemu, aliteremka kutoka Kidete asubuhi na mapema. Melkizedek alimwamkia, "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia, "Marahaba, pole mwanangu," akaingia ndani, akatoka amekunja uso.

"Kile kioo mle ndani kinafanya nini?"

"Ni cha samaki, mjomba."

"Najua ni cha samaki. Nauliza kinafanya nini. Dada yangu analetwa saa sita. Atawekwa wapi, juu ya samaki?"

Wanaume kwenye turubai walitazama chini. Melkizedek alijua la kusema. Lingechukua dakika moja: jamani, kitoeni, lakini samaki akae kwenye ndoo pamoja na maji yake yaleyale, na pampu msiizime, yule ndiye mkono wa mke wangu. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini akaona jinsi litakavyosikika, maiti ya mama yake iko njiani na yeye anaagiza mambo ya samaki. Alishachekwa miaka mingi kwa ajili ya hilo tangi, na siku hiyo hakutaka kuchekwa. Aliona aibu, basi.

"Sawa, mjomba," alisema.

Waliingia wanne. Tangi lilikuwa halibebeki na maji yake, kwa hiyo wakayachota kwa ndoo na kuyamwaga kwenye migomba, miaka yote ile ya maji, mpaka tone la mwisho. Wakalipitisha mbele yake likiwa tupu, changarawe zikisugua kioo. Nyuma alikuja Anselmi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwema ambaye ndiye aliyembeba Perpetua siku alipoanguka. Alishika ndoo, na ndani ya ndoo mkia wa Diwani ulikuwa unapiga.

"Usiwe na wasiwasi, mzee," Anselmi alimwambia kwa sauti ya chini. "Yale maji yake yalikuwa ya njano, nimemwaga. Nimemwekea safi kabisa, ya kwenye pipa."

Pipa lile lilikuwa limetiwa dawa saa moja iliyopita, kwa amri ya bwana afya. Harufu yake ya klorini ilifika mpaka turubaini. Melkizedek akaitambua. Klorini huunguza mashavu ya samaki, humnyima pumzi akiwa ndani ya maji, na yeye alikuwa ameshaona hilo Mikumi mara nyingi tu. Dawa ya kuiua ilikuwa kwenye droo ya kabati, na kabati lenyewe lilikuwa limetolewa nje, limeegeshwa ukutani, hatua ishirini kutoka alipokaa. Matone kumi yangetosha. Akaweka mikono magotini kutaka kuinuka.

Hapo ndipo gari lilipokata kona. Akina mama wakaangua kilio, kwaya ya kanisa ikaanza wimbo, wanaume wote wakasimama na mjomba Makarius akamshika mkono. Je, amwache mjomba, ampe mgongo mama yake anayeshushwa, aende kufungua droo? Alitazama ndoo. Kisha akatazama mlangoni, na pale mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki walikuwa wamemkalisha Perpetua ili aione sebule ikitandikwa. Perpetua hakuwa anaangalia gari. Alikuwa anamwangalia yeye, kisha ndoo, kisha yeye, na ule mkono wake wa kulia ameuinua, vidole vimefunguka, anaonyesha.

Melkizedek akageuka, akaenda kupokea jeneza.

Walimzika Bibi Generoza saa tisa alasiri. Waliporudi, Diwani alikuwa amelala ubavu juu ya maji, mashavu meupe yaliyochanika. Anselmi alisikitika sana. Alisema labda ni jua.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, makochi yakarudi, tangi likarudi. Melkizedek alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alilijaza, akaacha chujio likizunguka wiki tatu maji yakomae, akaenda Morogoro akarudi na oska mwingine mwenye mabaka yaleyale, kijana kidogo. Katika wiki hizo tatu alimnyoosha mkewe vidole kwa mkono wake, kila asubuhi, na Perpetua alimwachia tu. Hakulia wala hakukataa. Kikombe cha plastiki hakukigusa tena. Irine alipiga simu kutoka Dodoma kuuliza mama anaendeleaje, akajibiwa anaendelea vizuri.

Asubuhi ya oska mpya alimkalisha mkewe palepale, akatia punje tatu ndani ya ngumi, akainyanyua juu ya maji. Oska alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, mgeni, hamjui mtu.

"Mpe, Mama Irine," alisema. "Atakuzoea. Hata yule alianza hivihivi."

Ngumi haikutikisika. Alisubiri nusu saa, akiushikilia mkono huo kwenye kifundo mpaka wake mwenyewe ukafa ganzi. Akajaribu kukifungua kidole cha shahada, akakikuta kigumu, si ugumu wa ugonjwa. Perpetua alikuwa anakibana.

"Ni mjomba aliyetaka litolewe," Melkizedek akasema. "Na Anselmi hakujua. Ulitaka nifanyeje, mbele ya watu wote wale?"

Perpetua alihangaika na ulimi wake muda mrefu. Aliyafunga macho, akalitafuta neno, akalikosa, akalirudia. Lilipotoka lilikuwa zima, halina kasoro, neno la kwanza safi kulitamka tangu siku aliyoanguka stendi.

"Ulikuwepo," alisema.

Melkizedek akakiachia kile kifundo. Mkewe akauvuta mkono kwenye mapaja yake akaugeuzia tumboni, punje zikiwa ndani.